Nadharia mezani kwa mbunifu: mwongozo kamili wa kuitumia unapobuni kiolesura

Kikao cha kubuni kiolesura, yaani skrini na vitufe ambavyo mtu hutumia kuiendesha programu, kikikosa nadharia huishia kwenye "mimi naona". Mmoja anaona tarehe ya kuzaliwa ichaguliwe kwenye orodha tatu: siku, mwezi, mwaka. Mwingine anaona ichapwe tu kwenye kisanduku. Wote wawili wana uzoefu, kila mmoja ana mfano wa programu aliyoipenda, na mwisho wa siku anashinda mwenye cheo au mwenye sauti kubwa. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo miaka mingi. Kilichonitoa humo ni maswali mawili niliyojifunza kuyauliza mapema: ukiwa sahihi, tutaona nini? Na kwa nini tutakiona hicho na si kingine? Jibu la swali la pili ndilo nadharia.

Neno lenyewe huwatisha wengi kwa sababu wamekutana nalo darasani, likiwa na ukungu wa maneno. Mezani kwa mbunifu nadharia ina kazi za kawaida kabisa. Ben Bederson na Ben Shneiderman walizitaja tano mwaka 2003: kuelezea kilichopo, kufafanua sababu zake, kutabiri kitakachotokea, kuelekeza cha kufanya, na kuzalisha mawazo mapya. Hakuna nadharia inayofanya zote tano vizuri. Wanaovunjika moyo mara nyingi walichukua nadharia ya kutabiri wakaitaka iwape mawazo, au ya kuelezea wakaitaka iwape namba.

Mwongozo huu unafuata kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: fomu ya kusajili watu. Karani ameketi kaunta na kompyuta, mwenye taarifa amesimama mbele yake, na nyuma yake kuna foleni.

Hatua ya kwanza: andika kazi, usiandike skrini

Kabla ya kuchora chochote, andika sentensi inayosema mtu anafanya nini. Si "ukurasa una sehemu ya tarehe ya kuzaliwa", bali: "Karani anamuuliza mtu tarehe yake ya kuzaliwa, anasikia jibu, analiingiza, anahakikisha ameliingiza sawa, anaendelea na swali linalofuata."

Soma sentensi hizo mbili tena. Ya kwanza haina mtu. Ya pili ina mdomo, sikio, mikono, macho na mtu wa pili. Nadharia zote za uwanja huu zinazungumzia watu na matendo yao, kwa hiyo ukileta maelezo ya skrini peke yake hazina pa kushika. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, mapema kabisa, wala hakuna anayegundua.

Ili sentensi yako iwe ya kweli, nenda ukakae nyuma ya karani. Saa moja ya kukaa kimya inakupa zaidi ya siku nzima ya kumhoji, kwa sababu mtu akihojiwa husimulia kazi inavyotakiwa kwenda. Beba maswali mawili yanayotokana na maelezo ya Edwin Hutchins, James Hollan na Donald Norman ya mwaka 1986 kuhusu mapengo kati ya mtu na mashine. Pengo la kutenda: je, anachotaka kufanya anajua akifanyeje hapa? Pengo la kutathmini: akishafanya, anajuaje kama kimefanyika? Karani anayeinua macho kwenye skrini mara tatu baada ya kuhifadhi anakuonyesha pengo la pili bila kusema neno.

Hatua ya pili: jua swali lako ni la aina gani

Swali likiwa la kasi ya mtu aliyezoea, unahitaji nadharia za mwendo na muda. Likiwa la mgeni asiyejua pa kuanzia, tumia ukaguzi wa hatua kwa hatua ambao Clayton Lewis, Peter Polson, Cathleen Wharton na wenzao waliuandaa miaka ya 1990 mwanzoni: kwa kila hatua unauliza kama mtu atakuwa na nia hiyo, kama atakiona kitufe, kama atakihusisha na nia yake, na kama ataona kuwa amesogea mbele. Likiwa la mtu anayesaka taarifa kwenye kurasa nyingi, Peter Pirolli na Stuart Card walionyesha kwamba tunasaka kama mnyama anavyosaka chakula, tukifuata harufu, yaani dalili kwamba tunachokitafuta kiko karibu, na kuhama pale inapofifia. Kiungo kilichoandikwa "bofya hapa" hakina harufu.

Na swali likiwa la watu wengi, karatasi, simu na mazoea ya ofisi nzima, namba za kasi hazitakufaa. Tutarudi huko.

Ushauri wangu ni kuchukua nadharia moja, au mbili zikizidi. Ukizikusanya sita kila moja itakubaliana na kitu ulichokwisha kukipenda, na hapo utakuwa unatafuta mashahidi, si majibu.

Hatua ya tatu: toa utabiri wenye namba

Kwa fomu yetu, swali la kwanza ni la kasi. Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walitoa mwaka 1980 njia ya kukadiria muda wa kazi kwa kuigawa katika vitendo vidogo. Kubonyeza herufi moja kwa mchapaji wa kawaida huchukua sekunde 0.28. Kupeleka kipanya kwenye kitu huchukua 1.1. Kuhamisha mkono kati ya kibodi na kipanya, 0.4. Kujiandaa kiakili kabla ya tendo, 1.35. Bofyo moja la kipanya, kubonyeza na kuachia, tulipe 0.2.

Chukua kalamu. Orodha tatu kwanza. Kwa kila orodha karani anajiandaa (1.35), anapeleka kipanya (1.1), anabofya (0.2), anapeleka kipanya kwenye jibu (1.1), anabofya (0.2). Jumla ni 3.95, na mara tatu ni 11.85. Ongeza mkono kwenda kwenye kipanya na kurudi kibodi, 0.8. Tumefika sekunde 12.65, na bado hatujahesabu kushuka kwenye orodha ya miaka, ambayo kwa mtu mwenye umri wa miaka 70 ni safari ndefu.

Sasa kuchapa. Tarakimu nane mara 0.28 ni 2.24. Nampa kujiandaa mara tatu, moja kwa kila sehemu ya tarehe, ili nisiupendelee upande huu: 4.05. Kitufe cha kuhamia kisanduku kinachofuata, 0.28. Jumla ni sekunde 6.57.

Tofauti ni kama sekunde 6. Karani anayesajili watu 200 kwa siku anaokoa sekunde 1,216, yaani dakika 20 hivi. Kikao kimebadilika. Hatubishani tena nani ana ladha. Aliyependa orodha anaweza kuishika kalamu na kutuonyesha tulipokosea kuhesabu. Andika utabiri huo, tarehe na sababu zake, mahali ambapo hutaweza kuufuta. Tutauhitaji.

Namba hizi ni makadirio. Kwenye majaribio ya waandishi wenyewe zilikosea kwa kiasi cha asilimia 20, na hilo linatosha pale ambapo njia moja inakaribia kuwa mara mbili ya nyingine. Miundo yako miwili ikitofautiana kwa nusu sekunde tu, usijenge hoja juu yake kwa hesabu hii.

Wanaosema hesabu kama hizi ni za darasani nawaeleza habari ya kampuni ya simu ya NYNEX ya Marekani. Ilikuwa ikifikiria kununua vituo vipya vya kazi kwa wapokeaji wa simu: skrini inayoonyesha haraka zaidi, vitufe vilivyopangwa vizuri zaidi. Kila mtu alitarajia kasi. Wayne Gray, Bonnie John na Michael Atwood walitengeneza modeli ya kazi ya wapokeaji, na modeli ikasema vituo vipya vitakuwa polepole zaidi, kwa kiasi cha asilimia 3. Jaribio la miezi kadhaa kwa simu halisi likathibitisha hivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993. Lakini kilichonigusa zaidi si kwamba modeli ilipatia. Ni kwamba ilieleza sababu. Mibonyezo iliyopunguzwa ilikuwa ya mwanzo wa simu, pale ambapo mpokeaji alikuwa anamsubiri mteja aseme, kwa hiyo kuiondoa hakukuokoa chochote. Mbonyezo ulioongezwa uliangukia mwishoni, pale ambapo hakuna tena cha kusubiri. Jaribio peke yake lingesema "vibaya". Nadharia ilisema vibaya wapi.

Hatua ya nne: kagua masharti kabla ya kuamini

Kila nadharia ilizaliwa katika hali fulani, na wabunifu wengi huibeba bila hali hiyo.

Mfano unaoniudhi kuliko yote ni ule wa "menyu isizidi vitu saba". Unatokana na makala ya George Miller ya mwaka 1956. Miller alizungumzia kiasi ambacho mtu anaweza kukishika kichwani kwa muda mfupi. Menyu haishikwi kichwani. Iko mbele ya macho. Nimeona menyu nzuri ya vitu kumi na viwili ikikatwa vipande viwili na nusu yake kufichwa chini ya "Zaidi", na watu wakapotea, kwa heshima ya namba isiyohusika kabisa. Pale ambapo mtu analazimika kusoma namba kwenye ukurasa mmoja na kuichapa kwenye mwingine, ndipo Miller anapohusika kweli, na hata hapo utafiti wa Nelson Cowan wa mwaka 2001 unaishusha namba hadi karibu na nne.

Kanuni ya Paul Fitts ya mwaka 1954 nayo ni hivyo. Inasema muda wa kukifikia kitu huongezeka kadiri kilivyo mbali na kadiri kilivyo kidogo. Kutoka hapo tunajua kwamba ukingo wa skrini ni mahali pazuri pa kuweka menyu, kwa kuwa kipanya hugota pale, nawe unaweza kukisukuma kwa nguvu bila hofu ya kupitiliza. Ihamishe hoja hiyo kwenye simu na inavunjika: kidole hakigoti popote. Kanuni ni ileile, sharti la kugota halipo.

Na hesabu yetu ya tarehe? Inamhusu mtu aliyeizoea kazi na asiyekosea. Haisemi lolote kuhusu karani wa wiki ya kwanza, wala kuhusu anayechapa mwezi mahali pa siku. Kwa hiyo karibu na utabiri wako andika pia: "Hii ni kwa mzoefu tu."

Hatua ya tano: badilisha miwani, utazame tena

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Mwaka 1987 Lucy Suchman, aliyekuwa mtafiti katika kituo cha Xerox huko Palo Alto, alichapisha uchunguzi wake wa watu wakihangaika na mashine ya kunakili iliyokuwa na mfumo wa kuwaelekeza. Mfumo ulidhani mtu anafuata mpango wa hatua zilizopangwa. Lakini watu walitenda kulingana na kilichowapata wakati ule, wakitazama, wakibahatisha, wakirudi nyuma, wakishauriana. Mashine haikusikia mashauriano hayo. Ilichojua ni mfuniko umefunguliwa, kitufe kimebonyezwa. Hoja ya Suchman ni kwamba mpango ni kitu mtu anachokitumia njiani kujielekeza; haumwongozi kama reli inavyoongoza treni.

Vaa miwani hiyo, urudi kaunta. Mzee mmoja anaulizwa tarehe ya kuzaliwa. Anatabasamu. Anasema alizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa, wakati wa mavuno. Karani anamtazama, anatazama skrini, skrini inadai tarakimu nane. Anahesabu kidogo kwa sauti, wanakubaliana mwaka, kisha anachapa tarehe 1 Januari. Sekunde 6.57, pengine pungufu.

Hesabu yetu ilikuwa sahihi na fomu yetu ni mbaya. Imemlazimisha mtu mwaminifu kuandika uongo, na uongo huo utakaa kwenye kumbukumbu ukiwa umevaa sura ya ukweli, hadi siku mtu atakapojiuliza kwa nini watu wengi kiasi hiki wamezaliwa siku moja. Hakuna modeli ya mibonyezo ambayo ingeona hilo. Dawa yake ni ndogo: ruhusu mwaka peke yake, na weka alama ya "makadirio". Ila kuitafuta dawa kunahitaji kwanza nadharia inayokuambia kwamba kutoijua tarehe ni sehemu ya kazi yenyewe, si hitilafu ya mtumiaji.

Miwani nyingine ni ya Edwin Hutchins. Mwaka 1995 alieleza jinsi chumba cha rubani kinavyokumbuka kasi za kutua. Marubani hawazibebi zote kichwani. Wanazisoma kwenye kadi, wanasogeza vialama vidogo kwenye ukingo wa kipima kasi, na tangu hapo kukumbuka kunakuwa kutazama tu: mshale umefika kwenye kialama au haujafika. Kumbukumbu imegawanywa kati ya watu, kadi na kifaa.

Sasa tazama meza ya karani. Pembeni mwa skrini kuna kikaratasi kilichobandikwa, kimekunjamana, kina misimbo mitano ya maeneo iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu na mmoja uliofutwa ukaandikwa upya kwa nyekundu. Mbunifu mwenye haraka anaona uchafu. Kwa macho ya Hutchins hicho ni kiungo cha mfumo: kumbukumbu ambayo programu ilikataa kuibeba, karani akaibandika pembeni mwa skrini. Kila kikaratasi cha namna hiyo ni ombi la marekebisho lililokwisha kuandikwa. Vipige picha vyote, kwa ruhusa.

Hatua ya sita: acha nadharia ichore nawe

John Carroll na Wendy Kellogg walisema mwaka 1989 kwamba kila kitu kilichobuniwa kimebeba madai kuhusu watu, hata kama aliyekibuni hakuyaandika. Yaandike. Chukua kila sehemu ya mchoro wako, sema inadai nini, inaleta faida gani na inagharimu nini. "Kisanduku cha kuchapa tarehe kinadai karani anajua mpangilio wa siku na mwezi. Faida: kasi. Gharama: tarehe 03/04 inaweza kusomwa kwa namna mbili, na kosa halitaonekana." Sentensi hiyo ya mwisho inazaa muundo yenyewe: baada ya kuchapa, onyesha pembeni "3 Aprili" kwa maneno. Pengo la kutathmini limezibwa kwa neno moja.

Wakati mwingine nadharia inachora zaidi ya hapo. Mashine za zamani za kutolea fedha zilitoa pesa kwanza, kadi baadaye, na watu wakaziacha kadi. Michael Byrne na Susan Bovair walilichunguza kosa la aina hii mwaka 1997: lengo kuu likishatimia, hatua iliyobaki nyuma yake huponyoka kichwani. Ndiyo maana mashine nyingi hutoa kadi kwanza. Kwenye kaunta yetu lengo la mteja ni ile stakabadhi ya usajili. Akiipata anaondoka, na kitambulisho chake kinabaki chini ya kibodi ya karani. Bango la "usisahau kitambulisho" halitasaidia sana. Panga kazi ili karani arudishe kitambulisho, athibitishe kwa kubonyeza, kisha ndipo stakabadhi ichapwe.

Hatua ya saba: jaribu ukiwa na utabiri mkononi

Watu wachache, kazi halisi, saa ya kupimia. Hayo yameelezwa vya kutosha kwingine. Kinachobadilika ukiwa na nadharia ni kwamba unaingia chumbani na karatasi yenye namba uliyoiandika kabla, na unajua ni jibu gani litakuumbua.

Tuseme saa inaonyesha kuwa kuchapa kunaokoa sekunde 2, si 6. Usikimbilie kuitupa nadharia, wala kumlaumu karani. Anza na masharti: aliyejaribu alikuwa mzoefu? Kama hakuwa, hesabu haikumhusu tangu awali. Kisha rudi kwenye sentensi ya hatua ya kwanza, kwa sababu mara nyingi kosa liko humo. Tuliandika kwamba karani anauliza, anasikia jibu, analiingiza, kana kwamba moja huisha ndipo lingine lianze. Msikilize mtu akitaja tarehe yake: "Tarehe kumi na mbili... mwezi wa tano... sabini na nane." Wakati anautaja mwezi, karani ameshaifungua orodha ya siku. Sehemu kubwa ya zile sekunde 12.65 ilikuwa imejificha ndani ya muda wa kumsubiri aseme. Ni mteja wa NYNEX yuleyule, amekuja kaunta kwetu, nasi tulikuwa na habari yake mezani muda wote.

Mambo hayo mawili yakiwa sawa na namba bado haikubali, ndipo useme nadharia hii haifai kwa kazi hii, na uandike hivyo kando ya utabiri wako pamoja na sababu.

Kwa fomu yetu, sentensi ndiyo inayobadilika: "Karani anauliza, mtu anafikiri, pengine anakadiria, anataja sehemu moja moja, na karani anaingiza kila sehemu huku akisikiliza inayofuata, kisha anamsomea tarehe nzima kwa sauti." Kitendo hicho cha mwisho hakikuwepo kwenye sentensi ya kwanza. Makarani wazuri hukifanya bila kuambiwa, na skrini yetu haikuwa na mahali pa kukisaidia. Chora upya kutokea hapo.